Waliosimama Mlangoni

1

Mlima uliporomoka tena kabla ya chai ya saa nne. Tope lilishuka na migomba, likafagia barabara ya juu, likapita katikati ya soko la Ikomelo na kutulia chini kabisa, penye daraja. Subilaga Mwakajila alimaliza maji yake ya kunywa, akabonyeza kitufe, na mlima ukarudi mahali pake. Migomba ikasimama wima. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika mahindi akaanza kuyaanika upya, hana habari.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kuufukia mji asubuhi na kuufufua kabla ya chakula cha mchana. Mji wenyewe uliitwa Pacha. Haukuwa na udongo wala maji, ulikuwa hesabu tupu ndani ya mashine. Lakini kila nyumba ya Ikomelo ilikuwa na nyumba yake huko Pacha, na kila mkazi aliyekubali kuvaa bangili alikuwa na mwenzake mle ndani, aliyejifunza kutembea kama yeye, kuchelewa kama yeye, na kusimama njiani kupiga soga kama yeye. Bangili haikujua mtu anawaza nini. Ilijua anafanya nini, na kwa kazi ile ilitosha.

Enzi za bibi zao, programu ilitengenezwa mezani, ikapelekwa kwa watu, na watu ndio waliogundua makosa yake kwa migongo yao. Ikomelo hawajasahau ile milango ya bwawa iliyofunguka yenyewe kwa sababu mtaalamu mmoja alidhani mvua ya huku hunyesha kistaarabu kama ya kwao. Baada ya msiba ule ikapitishwa sheria kwamba programu yoyote inayogusa uhai wa mtu lazima kwanza iishi Pacha. Huko unaweza kunyeshesha mvua ya mwaka mzima kwa asubuhi moja. Unaweza kukata umeme, kumvunja mtu mguu, kumlewesha mlinzi wa zamu, kisha ukakaa ukatazama programu yako itafanyaje. Ukikosea unafuta na kuanza tena, na hakuna anayeweka matanga. Subilaga aliipenda kazi hiyo kwa moyo wote. Aliamini, na aliamini sawasawa, kwamba Pacha haijui kumpendeza mtu.

Programu iliyokuwa mezani msimu ule iliitwa Mbiu. Ilisikiliza mlima kwa vitambuzi vilivyofukiwa ardhini, na mlima ukianza kulegea, ilipiga king'ora, ikamwambia kila mtu kupitia bangili yake akimbilie chumba gani cha kinga, na watu wakishaingia ikafunga milango ya chuma.

Majaribio ya siku za kazi yote yalikwenda vizuri. Lile lililofuata lilikuwa la Jumamosi alasiri, wakati familia nzima ziko nyumbani. Mhandisi Rwehumbiza, mkuu wa kitengo, alikuja na kikombe chake cha kahawa akasimama nyuma ya kiti cha Subilaga, kama alivyopenda kufanya ilipofika sehemu ya kukimbia.

King'ora kikalia. Watu wa Pacha wakatoka majumbani, wakakimbia walikoelekezwa, wakaingia. Kisha penye chumba cha kinga cha mtaa wa juu, wanawake kadhaa walifika mlangoni wakasimama. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na nafasi tele. Wao walisimama kibarazani, mvua ikiwapiga ubavuni, wamegeuzia nyuso zao migombani.

"Hawa kina mama wana nini?" Rwehumbiza aliuliza. "Mlango umekwama?"

Subilaga alikuwa amemwona wa katikati. Watu wa Pacha huvaa nguo ambazo wenzao wa kweli huvaa mara nyingi, na yule wa katikati alikuwa na kitenge cha buluu chenye ua jeupe, na mkoba wa kompyuta begani. Ni yeye. Subilaga Mwakajila, mjaribu mkuu wa mifumo, alikuwa amesimama nje ya mlango ulio wazi, kichwa kimeinama, akingoja mlima umfukie.

Alijua sababu, na joto likampanda usoni mpaka masikioni. Ndani ya chumba kile alikuwemo baba mkwe wake.

Huku kwao mke wa mtu hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Hawasalimiani, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja hugeukia migomba mpaka mwenzake apite. Si chuki. Ni heshima, tena ya pande zote mbili, maana mzee naye hutimua mbio. Ikomelo waliwahi kuiacha desturi hii, wakaishi hivyo miaka mingi, kisha wakairudia, kama watu wanavyorudia vyakula vya bibi zao baada ya kuchoshwa na vya dukani. Subilaga alipoolewa aliicheka. Lakini kichwa kilipokuwa kinacheka, miguu ilikuwa inajifunza, na bangili ilikuwa inaitazama miguu.

Angemwelezaje Rwehumbiza, mtu wa Bukoba, mwenye shahada za kupamba ukuta mzima? Akiwa chuoni, mwalimu mmoja aliwahi kutoa mzaha kuhusu watu wa milimani wanaojificha migombani wakiona wakwe zao, na darasa zima likavunjika mbavu. Subilaga alicheka kuliko wote, ili mtu asije akamuuliza ametoka wapi.

Alisimamisha jaribio kabla tope halijafika.

"Kasoro ya Pacha, Mhandisi," alisema. "Mvua ikizidi, bangili zinapoteza mawasiliano, na Pacha inajaza pengo kwa kubahatisha. Nitairekebisha."

"Sawa. Wewe ndiye mwenyeji wa huko," Rwehumbiza alisema, akampigapiga begani. "Ukisema kasoro, ni kasoro."

Alikuwa mtu mwema, Rwehumbiza, na alimwamini. Hilo ndilo lililomuuma Subilaga zaidi ya yote, lakini maumivu yale hayakumzuia kufanya alilolifanya baada ya Rwehumbiza kuondoka. Alifungua orodha ya tabia za watu wa Pacha, akaitafuta ile ya kusimama mlangoni, akaibandika neno ambalo mafundi hutumia kwa tabia isiyo na maana yoyote. Aliandika "kelele." Kisha akaifuta tabia yenyewe. Mlima ukaporomoka tena, na safari hii wanawake wote wakaingia ndani wakakaa benchi moja na wakwe zao, magoti yakigusana. Ilikuwa picha ya kuchekesha kwa yeyote anayewajua watu wale. Subilaga hakucheka.

2

Mbiu ilizinduliwa Ikomelo mwanzoni mwa mvua, kwa ngoma na hotuba. Hakukufanyika zoezi la watu wa kweli kukimbilia kwenye vyumba. Wakubwa walisema, kwa nini kuwasumbua wazee kwenye baridi wakati Pacha imeshakimbia kwa niaba yao? Subilaga alipigiwa makofi, akapewa shada la maua, akapigwa picha.

Baada ya sherehe alikwenda kwa wakwe zake, nyumba ya mtaa wa juu yenye vibaraza viwili, cha wanaume na cha wanawake. Mumewe Ipyana alikuwa Kigoma kwenye ujenzi wa reli, kwa hiyo alipokelewa na mama mkwe wake, Bi Tusekile, na Gwantwa, mke wa shemeji yake, mwanamke mcheshi asiyeweza kukaa kimya hata akiwa anatafuna. Walikaa jikoni wakichambua maharage.

Baba mkwe wake, Mzee Anyelwisye, alikuwa kwenye kibaraza cha mbele, amewapa mgongo, mguu wake mbovu ameunyoosha juu ya kigoda. Mguu ule uliharibika tangu ujanani, alipoangukiwa na gogo, na kiatu chake cha mpira siku zote kililika upande mmoja.

"Mama Ipyana!" aliita, kwa sauti ya mtu anayejua fika kwamba anasikika hadi jikoni. "Mwambie mkamwana wako, nimesikia chombo chake kinanijua mpaka mguu wangu."

Bi Tusekile akamgeukia Subilaga aliyekuwa amekaa karibu yake kabisa. "Baba anasema, chombo chako kinamjua mpaka mguu wake."

"Mwambie ndiyo, mama. Kinajua anatembea polepole, kwa hiyo kitamwita mapema kuliko wengine."

"Anasema kitakuita mapema."

"Basi mwambie ahsante sana," mzee alisema. "Mwambie sisi huku hatujawahi kuhesabiwa na mtu. Yeye ametuhesabu kama tulivyo."

Gwantwa alimfinya Subilaga pajani kwa furaha. Subilaga aliinamia maharage, akatoa jiwe ambalo halikuwepo. Kama tulivyo. Maneno yale alipanda nayo gari kurudi mjini, na hata huko yakakataa kushuka. Alijiambia kwamba kesho atamwendea Rwehumbiza. Kesho ikafika na mambo yake, na keshokutwa ikafika na yake.

3

Jumamosi moja mvua ikiwa imenyesha bila kupumua, Subilaga alikuwa jikoni kwa wakwe zake tena wakati bangili zote zilipolia kwa pamoja. Kwenye mkono wa Bi Tusekile sauti ya Mbiu ilisema kwa upole, "Bi Tusekile, acha ulichoshika. Nenda chumba cha mtaa wa juu. Mumeo ameshatangulia." Subilaga aliitambua ile sauti, aliichagua mwenyewe.

Walitoka. Huko juu mlima ulikuwa unanguruma kwa chini chini. Gwantwa alikimbia mbele akishikilia kilemba chake, Bi Tusekile akafuata, Subilaga nyuma yao na mkoba begani. Walifika kwenye kibaraza cha chumba cha kinga. Bi Tusekile aliingia moja kwa moja, mlango ni mpana na mume ni wake. Gwantwa akasimama. Wanawake wengine wa mtaa ule, ambao baba wakwe zao walikuwa ndani, nao walikuwa wamesimama pale.

Subilaga alijiambia, ingia. Alijua kuliko mtu yeyote duniani kwamba lazima waingie. Alijua uzito wa tope na kasi yake. Akainua mguu, na kupitia mlangoni akaona kiatu cha mpira kilicholika upande mmoja, na mguu ule ule aliouinua ukarudi chini. Aligeuza uso kuelekea migombani. Akawa yule wa kwenye skrini, hata kitenge kilikuwa kile kile.

"Ingieni," Mbiu ilisema mikononi mwao. "Kuna nafasi. Ingieni." Kisha ikanyamaza, kwa sababu kibaraza kilihesabiwa kuwa sehemu ya chumba, na kwa hesabu zake walikuwa wameshaingia. Huko Pacha, tangu yeye aifute tabia ile, hakuna aliyebaki kibarazani, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuona kosa lile. Mlango wa chuma ukaanza kujifunga.

Ndani kulizuka kelele. Mkono wa mtu ukavuta mpini mwekundu wa dharura, mlango ukasita, ukafunguka tena. Subilaga akasikia hatua anazozifahamu, moja nzito na moja ya kuburuta. Hakugeuka. Wanawake wote hawakugeuka. Mzee Anyelwisye alitoka akiwa ameinamisha uso, akapita ubavuni mwao na wao wakiwa wamempa visogo, akafuata ukuta kuelekea nyuma ya jengo. Wazee wengine wawili wakatoka wakamfuata. Waliwaachia nafasi, basi.

"Ingieni, wanangu!" Bi Tusekile alipiga kelele kutoka ndani. "Ametoka! Ingieni!"

Wakaingia. Mlango ukajifunga.

Subilaga alikuwa na mdomo. Angeweza kusema, baba, rudi. Neno moja. Alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani, akalisikia tope likigonga ukuta wa nyuma, kule kule wazee walikokwenda.

4

Wale wawili walipatikana juu ya paa la stoo ya chai, wanatetemeka. Mzee Anyelwisye hakuweza kupanda. Alipatikana amebanwa na ukuta na gogo, yu hai, na hospitali ya wilaya wakamkata mguu wake mzima. Wakamwachia ule mbovu.

Jumanne Rwehumbiza alimwita Subilaga ofisini kwake, akamkalisha, akampa pole kwa dhati. Kisha akamgeuzia skrini.

"Nimeandika taarifa ya kamati. Nisomee uone kama nimekosea mahali, maana ni familia yako. Sitaki kumdhalilisha mtu."

Taarifa ilikuwa fupi. Mfumo ulifanya kazi kama ulivyojaribiwa. Wakazi wote waliotii waliokoka. Aliyejeruhiwa alikuwa ameshaingia katika chumba cha kinga, akavuta mpini na kutoka kwa hiari yake, licha ya kuonywa na bangili. Sababu ya tukio ni ukaidi wa mkazi.

"Alikuwa ndani, Subilaga," Rwehumbiza alisema kwa huruma. "Ndani kabisa. Mtu anatokaje? Uzee, labda. Woga. Kumbukumbu inaonyesha Mbiu ilimwonya, hakusikia."

Zamani mtu wa Ikomelo akiaibika alisema ametamani ardhi ipasuke immeze. Siku hizi hakuna aliyekuwa na hamu ya kusema hivyo. Subilaga alitazama neno lile, ukaidi, na kuona jinsi lilivyoandikwa kwa nia njema na mtu aliyemwamini.

"Kamati inakaa keshokutwa," Rwehumbiza aliendelea. "Wakiridhika, Mbiu inawashwa mabonde yote ya chini wiki hii hii. Mvua haitusubiri. Kule ni watu wako vilevile, si ndiyo? Mila zile zile."

"Ndiyo," alisema. "Zile zile."

Alirudi kwenye meza yake akafunga mlango. Pacha haitupi kitu. Lile jaribio la Jumamosi, kabla hajalichakachua, lilikuwa limehifadhiwa pale pale alipolisimamisha, wanawake wakiwa kibarazani na tope likiwa bado juu mlimani. Alikaa kulitazama. Hakuwahi kuliacha liendelee. Siku ile alijiona, akazima.

Sasa akalifungulia.

Wanawake wa Pacha waliendelea kusimama. Mlango ukaanza kujifunga. Kisha mlango ukasita, ukafunguka, na akatoka mzee mmoja anayeburuta mguu, uso ameuinamisha, akapita pembeni yao akafuata ukuta kuelekea nyuma ya jengo. Wawili wakamfuata. Wanawake wakaingia. Tope likafika.

Subilaga alijifunika uso kwa mikono miwili. Yote yalikuwamo. Pacha haikujua mila, haikujua ukwe, haikujua neno heshima lina maana gani, na bado ilijua kwamba mzee yule angetoka. Ilikuwa imekusanya miaka ya kumwona akipisha njia, na ikajumlisha. Ilitaka kumwonyesha, naye akaona haya, akazima. Angengoja kidogo tu, muda wa kunywa funda la maji, Mzee Anyelwisye angekuwa na mguu wake. Alilia pale mezani bila sauti, na kilichomliza zaidi ni kwamba hata sasa, peke yake, mlango umefungwa, sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa bado inahesabu nani atamcheka.

5

Hospitalini alifika asubuhi. Bi Tusekile alimkuta amesimama kwenye korido, nje ya mlango wa wodi.

"Unasubiri nini huku?"

"Yuko ndani, mama."

"Najua yuko ndani. Atakwenda wapi?" Kisha akamtazama vizuri, akaona macho yalivyovimba, akaacha utani. Aliingia wodini, akafungua kitenge alichojifunga begani, akakitundika kwenye stendi ya dripu na ncha ya dirisha, kikaning'inia katikati ya kitanda na mlango. Kazi hiyo haikumchukua hata muda wa kupiga chafya mara mbili. "Haya, pita. Kaa hapo."

Subilaga alipita akakaa kwenye kiti cha plastiki, akikitazama kile kitenge. Kitenge kimoja. Kila chumba cha kinga kilikuwa na kulabu ukutani za kutundikia taa. Angewaambia tu wajenzi. Angemwambia Rwehumbiza, Mhandisi, tunahitaji pazia, na Rwehumbiza angeuliza kwa nini, naye angemwambia. Hilo tu ndilo lililokuwa linatakiwa, na kwa hilo mtu amekatwa mguu.

"Mkamwana wako yupo hapa," Bi Tusekile alisema.

"Namsikia anavyopumua," sauti ya mzee ilitoka upande wa pili, dhaifu, yenye dawa ndani yake. "Mwulize, mama yake mzima?"

"Mwambie mzima," Subilaga alisema. Kisha maneno yote aliyoyapanga njiani yakamkimbia. "Mama, mwambie kesho kuna kamati. Wameandika kwamba yeye ni mkaidi."

Bi Tusekile alishtuka, hakulibeba neno lile. Halikuhitaji kubebwa.

"Mkaidi," mzee alisema. "Mama Ipyana, mwulize jambo moja. Huo mji wao wa kwenye mashine. Na mimi nimo?"

"Mwambie yumo."

"Na mlima wa huko nao unaporomoka?"

"Mwambie unaporomoka, mama. Kila siku."

"Mwulize, ulipoporomoka, mimi nilifanya nini?"

Bi Tusekile alimgeukia. Subilaga alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili. Aibu ilikuwa imemjaa mpaka hakuwa na mahali pengine pa kuiweka.

"Alitoka," alisema. "Akatupisha."

Kisha wakasikia kitu ambacho hawakukitarajia, mzee alikuwa anacheka, taratibu, kwa kuogopa kidonda.

"Basi chombo kizuri," alisema. "Kinanijua. Sasa mwulize, yeye alipoona nimetoka, alifanya nini?"

Bi Tusekile hakuuliza. Alimtazama tu mke wa mwanawe, na Subilaga akaona kwamba mama yule ameshaanza kuelewa. Alitamani aseme nusu tu. Nusu ilikuwepo, tena ya kweli, kwamba hakumwona akitoka.

"Sikufika hapo," alisema. Bila kukusudia alikuwa anasema na kitenge moja kwa moja, hapitishi maneno kwa mtu. "Nilijiona mimi nimesimama mlangoni, nikaona aibu watu watatucheka. Nikazima. Nikafuta. Nikawaambia ni kosa la mashine."

Gari la wagonjwa lilikuwa linapiga honi huko nje. Bi Tusekile alishika mdomo. Kitenge kilitikisika kidogo kwa upepo wa dirishani, kikatulia.

"Nilikushukuru," mzee alisema hatimaye, na yeye pia hakupitisha maneno kwa mtu. Tangu Subilaga aolewe, lilikuwa neno la kwanza kumwambia mwenyewe. Hakulisema kwa hasira, na afadhali ingekuwa hasira. "Nilikushukuru mbele ya nyumba nzima, kwamba umetuhesabu kama tulivyo."

"Ndiyo, baba."

Alimsikia akijigeuza kitandani, akigumia. Mzee aliposema tena, alikuwa amerudi kwenye desturi yake, na sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka anayetaka kulala.

"Mama Ipyana. Mwambie akaiwashe ile picha ya mimi kutoka. Mbele yao wote. Na asiifute tena."

6

Kamati ilikuwa na watu kuliko viti. Walikuwepo wakubwa wa mkoa, wajaribu vijana wa kitengo waliosimama nyuma, na wajumbe wa mabonde ya chini waliokuja kuona chombo watakachopelekewa wiki ile. Taarifa ya Rwehumbiza ilikuwa imeshagawiwa. Yeye mwenyewe alikuwa safu ya mbele, na Subilaga aliposimama alimtikisia kichwa kumtia moyo. Hakuwa na habari.

"Kabla hamjaipitisha," Subilaga alisema, "naomba tutazame jaribio moja. La Jumamosi. Lile nililolificha."

Rwehumbiza aliacha kutikisa kichwa.

Subilaga akawasha. Ukutani mlima ulinguruma, king'ora kikalia, watu wa Pacha wakakimbia. Wanawake wakafika kibarazani wakasimama, mlango uko wazi, mvua inawapiga. Mwenyekiti wa kamati, mwanamama wa makamo mwenye miwani, aliinama mbele.

"Hawa kina mama wana nini? Mbona hawaingii?"

Lilikuwa swali lile lile. Subilaga alisikia joto likimpanda shingoni, likafika masikioni, kama siku ile. Wajumbe wa mabonde ya chini walikuwa wamekwisha kuelewa. Wawili walikuwa wanatazama viatu vyao, na alijua wanaona nini na wanaomba nini moyoni, kwamba asiseme.

"Hawaingii kwa sababu wakwe zao wamo ndani," alisema. "Huko kwetu mke hakai chumba kimoja na baba wa mumewe. Huyo wa katikati, mwenye kitenge cha buluu, ni mimi."

Nyuma, mmoja wa wale vijana alicheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, kilimponyoka tu, si kama kile alichokilazimisha yeye chuoni. Subilaga alimngoja amalize. Kisha akaiacha picha iendelee, mpaka mlango ulipofunguka na mzee akatoka akiburuta mguu, na hakuna aliyecheka tena.